Tshangalele: Kumbukumbu za ziwa zihifadhiwe namna gani ili wajukuu waweze kuzisoma?

Likasi, Haut-Katanga – Mashariki ya mji wa Likasi kuna ziwa lililotengenezwa na mikono ya watu. Tshangalele ilizaliwa mwaka wa 1930, wakati bwawa la Mwadingusha lilipoufunga mto Lufira ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Maji yalirudi nyuma yakafunika bonde. Hadi leo ziwa hilo, lenye upana wa takriban kilometa za mraba 400, linawalisha wavuvi, wakulima wa kandokando, mama wauza samaki wa masoko ya Likasi, na mashini za umeme za Mwadingusha.

Watu hao wote wana maswali juu ya ziwa. Mvuvi anauliza kwa nini samaki hawapatikani tena pale alipowazoea. Fundi wa umeme anauliza maji yatashuka hadi wapi kabla mvua hazijarudi. Mama anayenunua samaki anauliza kama samaki huyo amebeba madini ya viwandani. Hakuna anayeweza kuwajibu bila kulinganisha leo na jana, na jana ya Tshangalele imeandikwa mahali pengi tofauti: karatasi, kanda, diski na faili za kila aina. Nyingine zinafunguka, nyingine hazifunguki tena.

Ndiyo maana uchaguzi unaoonekana kuwa wa mafundi wa kompyuta peke yao, yaani data nyingi zihifadhiwe katika muundo gani wa faili, unawagusa wakaaji wa Likasi moja kwa moja. Siku ya mabishano juu ya maji, samaki au fidia, upande wenye vipimo vinavyosomeka ndio utakaosikilizwa.

Kumbukumbu zilizotawanyika

Fungu la kwanza ni karatasi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na mali yake ya Kongo ilichukuliwa na serikali mwishoni mwa mwaka wa 1966, kabla ya kuwa Gécamines. Hifadhi ya nyaraka za kampuni hiyo ya zamani iko Ubelgiji, katika Hifadhi ya Taifa mjini Brussels. Anayetafuta historia ya bwawa na viwanda vya Likasi analazimika kufikiria karatasi zilizo mbali na ziwa kwa maelfu ya kilometa.

Fungu la pili ni utafiti wa wanasayansi. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo wao. Mwaka wa 2010, jarida la Tropicultura lilichapisha utafiti juu ya bonde la juu la Lufira, uliofuatilia shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu, urani, vanadi na aseniki katika mnyororo wa chakula. Mwaka wa 2016, utafiti mwingine uliangalia hatari kwa watu wanaokula samaki wa ziwa hilo hilo. Kila kazi ya aina hii inaacha nyuma majedwali ya namba, na namba hizo ndizo mtafiti wa mwaka wa 2040 atakazohitaji ili aseme kama hali imekuwa nzuri au mbaya zaidi.

Fungu la tatu liko angani. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, na tangu hapo wenzake wameendelea kuipiga dunia picha. Hadi mwaka wa 2008, picha moja iliweza kugharimu takriban dola 600. Mwaka huo zote zikafunguliwa bure. Mwaka wa 2016, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilitumia picha milioni 3 za Landsat, za kuanzia 1984 hadi 2015, kuchora ramani ya maji ya dunia nzima: wapi yalikuwa, wapi yameondoka, wapi yamekuja. Maziwa ya Katanga yamo pia.

Fungu la nne ndilo linalokuja sasa: vipima vya elektroniki vinavyowekwa mtoni au ziwani na kuandika kiwango cha maji, joto na uchafu kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, bila kuchoka.

Piga hesabu kwanza

Watu wengi wakisikia "data nyingi" wanafikiri juu ya mashini za bei kubwa. Lakini kabla ya kuchagua muundo, inafaa kupiga hesabu, kwa sababu si data zote zilizo nzito.

Chukua mfano wa vituo kumi vya kupima maji kuzunguka Tshangalele. Kila kituo kikiandika kila dakika 15, kinaandika mara 96 kwa siku na mara 35,040 kwa mwaka. Vituo kumi vinafanya mistari 350,400 kwa mwaka. Kila mstari ukiwa na vipimo vitano, tunapata namba 1,752,000. Zinaonekana nyingi, lakini zikiandikwa kama maandishi ya kawaida, kwa herufi kama kumi kila namba, hazizidi megabaiti 20. Miaka 20 ya vipimo vya ziwa zima inaingia katika flashi ndogo kabisa inayouzwa sokoni, na nafasi inabaki.

Uzito uko kwenye picha. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa skana kwa rangi, kwa nukta 300 kila inchi, una pikseli kama milioni 8.7, yaani megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kurasa 10,000 za daftari za zamani zinafika gigabaiti 260. Picha za setilaiti nazo hivyo hivyo: Landsat 8 na 9 kwa pamoja zinapita juu ya ziwa kila siku nane, karibu mara 45 kwa mwaka, na furushi zima la picha moja linakaribia gigabaiti moja.

Kwa hiyo hakuna muundo mmoja wa kutosha kwa yote. Namba za vipimo zinahitaji nyumba moja, picha nyumba nyingine, na nyaraka za ofisi nyingine tena. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutafuta suluhisho kubwa la gharama kwa namba ndogo, huku picha nzito zikiachwa ndani ya simu.

Chombo ni kimoja, muundo ni kingine

Jambo la pili linalochanganya watu ni kufikiri kwamba kuhifadhi ni kununua diski. Diski, flashi, kanda na seva ni vyombo vya kubebea. Muundo wa faili ni lugha ambayo data zimeandikwa nayo ndani ya chombo. Chombo kikiharibika, unaweza kuwa na nakala. Lugha ikisahaulika, hata nakala mia hazisaidii.

Uingereza ilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wa 1986, shirika la BBC liliandaa mradi mkubwa wa kukumbuka miaka 900 ya Domesday Book, kitabu cha mwaka wa 1086 kilichohesabu mali na watu wa Uingereza. Raia walichanga picha, ramani na maandishi, vikawekwa kwenye diski za leza zilizosomwa na mashini maalum na kompyuta ya aina moja. Haikupita miaka 20, mashini zenyewe zikawa adimu, na ilibidi watafiti wafanye kazi kubwa ya kuokoa yaliyokuwa ndani. Kitabu cha mwaka wa 1086 kilikuwa bado kinasomeka kwa macho.

Hata vyombo bora vya leo vina umri. Kanda za sumaku za aina ya LTO, zinazotumiwa na benki na vituo vikubwa vya utafiti, ni rahisi kwa kila terabaiti: kizazi cha 9, kilichotoka mwaka wa 2021, kinabeba terabaiti 18 kwa kanda moja. Lakini mashini ya kizazi cha 9 inasoma kanda za kizazi cha 8 na cha 9 tu. Aliye na kanda ya kizazi cha 6 lazima awe na mashini ya zamani inayofanya kazi. Kwa hiyo kila chombo kitabadilishwa baada ya miaka michache. Kinachopaswa kudumu ni muundo.

Masharti ya muundo unaofaa

Wahifadhi wa nyaraka duniani wanapochagua muundo, wanauliza maswali yanayofanana. Je, maelezo ya muundo huo yametangazwa wazi, kiasi kwamba fundi yeyote anaweza kuandika programu ya kuusoma? Je, unasomwa na programu nyingi, au na ya kampuni moja tu? Je, faili inajieleza yenyewe: inataja vipimo, tarehe na mahali? Je, ikiharibika sehemu moja, sehemu nyingine inaokoka? Na je, inaweza kufunguliwa na kompyuta ya kawaida, bila leseni ya kulipia?

Wanaastronomia waliamua mapema. Tangu mwaka wa 1981 wanatumia muundo unaoitwa FITS kwa picha za darubini, na wamejiwekea sharti kwamba mabadiliko yoyote ya baadaye yasifanye faili za zamani zishindwe kusomeka. Sharti hilo limewavutia hata wasiohusika na nyota: Maktaba ya Vatikani inatumia FITS kuhifadhi picha za hati zake za kale. Haikuchagua muundo mpya kuliko yote wala wenye kasi zaidi. Ilichagua ule unaoahidi kutosahau.

Kasi ni jambo jema, lakini ni la kazi ya kila siku. Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya hifadhi inapotoka: nakala ya kutunza na nakala ya kufanyia kazi si lazima ziwe na muundo mmoja. Mtafiti anaweza kugeuza data kuwa Parquet, muundo uliotoka mwaka wa 2013 na unaochambua mamilioni ya mistari haraka sana, huku nakala ya kutunza ikibaki katika muundo rahisi zaidi. Akimaliza, nakala ya kazi inaweza kufutwa bila hasara.

Namba za vipimo: tahadhari na jedwali la Excel

Kwa namba za vituo vya maji, CSV inatosha. Ni maandishi matupu, kila mstari kipimo kimoja, na koma au nukta-mkato kutenganisha. Inafunguliwa na programu yoyote, hata ile ya kuandika barua. Udhaifu wake ni kwamba haijielezi, kwa hiyo lazima ifuatane na faili ya maelezo. Tena, kwa wanaotumia kompyuta za Kifaransa, koma ya desimali inaweza kuvuruga safu: 1,20 ikasomwa kama namba mbili. Ni lazima kuamua mapema na kuandika uamuzi huo.

Wengi watasema Excel inatosha. Excel ni nzuri kwa kuangalia na kuchora, lakini si hifadhi. Muundo wake wa zamani, XLS, unabeba mistari 65,536 tu kwa ukurasa. Mnamo Oktoba 2020, Uingereza iligundua kwamba watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hawakuingia katika hesabu kwa wakati, kwa sababu faili za muundo huo zilijaa na mistari ya ziada ikaachwa nje. Kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao kulichelewa.

Muundo mpya, XLSX, unafika mistari 1,048,576. Vituo vyetu kumi vya Tshangalele vinaandika mistari 350,400 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 1,051,200. Kabla ya mwaka wa tatu kuisha, jedwali lingekuwa limejaa, na pengine hakuna ambaye angeona.

Anayetaka kitu chenye nguvu zaidi ya CSV anaweza kutumia SQLite, hifadhidata nzima ndani ya faili moja. Maktaba ya Bunge la Marekani inaihesabu kati ya miundo inayofaa kuhifadhi data, na waandishi wake wameahidi kuitunza hadi mwaka wa 2050.

Data zenye pande nyingi, kama mvua ya kila siku juu ya bonde lote la Lufira, zina miundo yake. NetCDF ni ya kawaida kwa watu wa hali ya hewa: ndani ya faili hiyo hiyo imeandikwa kwamba namba hizi ni milimita za mvua, za tarehe fulani, mahali fulani. Data za mvua za CHIRPS, zinazoanzia mwaka wa 1981, zinatolewa katika NetCDF na katika GeoTIFF pia. HDF5 ni ndugu yake mkubwa, yenye uwezo zaidi na ugumu zaidi. Zarr inagawa data katika vipande vidogo vingi, jambo linalofaa kwenye seva za intaneti, lakini anayenakili maelfu ya vipande kwenda diski ya nje atasubiri muda mrefu.

Umeme ukikatika

Likasi iko karibu na mabwawa ya umeme, lakini wakaaji wake wanajua umeme unavyokatika bila taarifa. Jambo hili lazima liingie katika uchaguzi. Faili ya HDF5 ikiwa wazi na inaandikwa, kisha umeme ukakatika, inaweza kushindwa kufunguka tena, pamoja na vipimo vya siku zilizotangulia. CSV katika hali hiyo hupoteza kwa kawaida mistari ya mwisho tu. SQLite ina daftari la ndani linalosaidia kurudisha hali kabla ya ajali.

Suluhisho ni la kawaida: kipima kiandike CSV, faili mpya kila siku. Mwisho wa mwezi, mtu akishakagua, faili zigeuzwe NetCDF kwa utulivu, kwenye kompyuta yenye betri. Faili iliyofungwa haifunguliwi tena kuandikwa. Hivyo ajali ya siku moja haiwezi kula mwaka mzima.

Picha: usitupe ukweli kwa kubana

Kubana faili kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza inapunguza ukubwa bila kupoteza kitu: ukifungua, kila pikseli inarudi ilivyokuwa. Namna ya pili, kama JPEG ya simu, inatupa sehemu ambazo jicho haliwezi kuziona kwa urahisi. Kwa picha ya harusi hakuna shida. Kwa picha ya kupima ni hatari, kwa sababu inabadilisha namba za pikseli, na ukingo wa maji unaopimwa kwa pikseli unaweza kusogea bila ziwa lenyewe kusogea.

Kwa hiyo daftari za zamani zikipigwa skana, nakala ya kutunza iwe TIFF, na JPEG itengenezwe pembeni kwa kusoma na kutumiana. TIFF imekuwepo tangu mwaka wa 1986, na toleo lake la 6.0 ni la mwaka wa 1992. Barua na ripoti ziwekwe katika PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kanuni ya kimataifa mwaka wa 2005 ili ibebe herufi zake zote ndani. Lakini jedwali la namba lisiachwe ndani ya PDF peke yake: jicho linaliona, kompyuta inahangaika kulitoa, na anayelinakili kwa mkono anaweza kugeuza 0.12 kuwa 1.2. Namba za samaki na madini zichapishwe pia kama CSV.

Kwa setilaiti, GeoTIFF ni TIFF inayojua iko wapi duniani. Tangu Desemba 2020, hazina ya Landsat inatolewa katika aina yake mpya iliyopangwa kwa ajili ya intaneti. Faida yake inaeleweka haraka na yeyote anayenunua mega za simu. Picha nzima ya Landsat inafunika kilometa 185 kwa 180, wakati Tshangalele ni kama asilimia moja tu ya hapo. Zamani ilibidi kupakua furushi lote. Sasa programu inaweza kuomba kipande tu. Dirisha la kilometa 50 kwa 50 juu ya ziwa, lenye bendi saba za rangi na pikseli za mita 30, lina takriban megabaiti 40 kabla ya kubanwa. Mara 45 kwa mwaka ni kama gigabaiti 1.8. Ziwa zima, mwaka mzima, linaingia ndani ya simu ya kawaida. Muundo peke yake ndio ulioleta tofauti hiyo.

Majina yaliyobadilika

Muundo mzuri bila maelezo ni sanduku zuri bila anwani. Katika Katanga, maelezo yana uzito wa pekee kwa sababu majina yamebadilika. Likasi iliitwa Jadotville. Lubumbashi iliitwa Élisabethville. Maporomoko ya Mwadingusha yaliandikwa Chutes Cornet, na kituo cha umeme kikaitwa Francqui. Kituo cha Koni, chini yake kwenye mto huo huo, kiliitwa Bia. Tshangalele yenyewe inaitwa katika maandishi mengine ziwa la bwawa la Lufira, na wengine wanaandika Changalele. Kijana atakayetafuta "Mwadingusha" katika nyaraka za mwaka wa 1935 anaweza kukosa kabisa, ingawa ziko mbele yake.

Kwa hiyo kila faili ifuatane na ukurasa mmoja unaosema: nani alipima, kwa chombo gani, lini, wapi kwa namba za latitudo na longitudo, kwa kipimo gani, na majina ya zamani na mapya ya mahali. Kiwango cha maji kihitaji jambo moja zaidi. "Mita 1.20" ni kutoka wapi? Kutoka chini ya ziwa, kutoka alama iliyochorwa ukutani, au kutoka usawa wa bahari? Alama ya ukutani ikihamishwa na maelezo yakakosekana, ziwa litaonekana limekauka au limefurika siku moja, na vipimo vya miaka kumi havitaaminika.

Nakala tatu, na alama ya uhakiki

Baada ya muundo na maelezo, inabaki ulinzi. Kanuni inayojulikana ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikiwa mbali na mahali pa kwanza. Kwa Likasi hiyo inaweza kuwa diski moja ofisini, diski ya pili katika jengo lingine, na nakala ya tatu Lubumbashi au kwenye seva ya chuo. Diski zisinunuliwe zote siku moja katika duka moja, maana zilizotoka pamoja zinaweza kuharibika pamoja.

Kila faili ipewe alama ya uhakiki: mfuatano wa herufi na namba unaohesabiwa na programu ya bure kutokana na yaliyomo ndani. Herufi moja ikibadilika katika faili, alama inabadilika. Alama hizo ziandikwe, hata kwenye karatasi, na zikaguliwe kila mwaka. Hivyo diski inayoanza kuoza inajulikana mapema, na mtu anayegeuza namba kwa siri anajulikana pia. Hili si dogo katika nchi ambayo, tangu Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, sheria inatambua maandishi ya kielektroniki. Anayeleta vipimo vya maji mbele ya viongozi ataulizwa aonyeshe kwamba havijaguswa.

Kwa nini sasa

Ziwa halisubiri. Ukarabati wa mashini sita za Mwadingusha ulikamilika mwaka wa 2021, na uwezo wake ukafika takriban megawati 78. Mashini hizo zinakula maji yale yale ambayo wavuvi wanategemea. Bonde la Lufira limo katika orodha ya hifadhi za biosfia za UNESCO tangu mwaka wa 1982. Na viwanda vya ukanda wa shaba vinazidi kufanya kazi, kwa kuwa dunia inadai kobalti na shaba kwa betri na magari ya umeme.

Mambo hayo matatu, umeme, viumbe na madini, yatagongana juu ya maji ya Tshangalele, na kila upande utakuja na namba zake. Makampuni yana ofisi za data na mafundi. Chama cha wavuvi, shule ya sekondari au kikundi cha vijana hawana. Lakini hesabu zinaonyesha kwamba hawahitaji mashini kubwa. Wanahitaji daftari la kiwango cha maji linalojazwa bila kukosa, CSV yenye maelezo kamili, picha ya setilaiti iliyokatwa kila mwezi katika GeoTIFF, diski mbili, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kukagua alama za uhakiki. Kinachogharimu zaidi hapo ni uvumilivu.

Mwaka wa 2030, bwawa la Mwadingusha litatimiza miaka 100, na ziwa pamoja nalo. Anayeanza kuandika leo, katika muundo usio na mwenyewe, atakuwa na miaka kadhaa ya vipimo vyake mkononi siku hiyo, na mjukuu wake ataweza kuvifungua bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.